Jabiri Hafungui Kinywa cha Mbwa

Mume wangu, Jabiri Mdoe, ana maneno machache kwa watu na mengi kwa mbwa. Huku Kwaluguru wanamjua hivyo. Mtu akitaka mbwa wa kulinda shamba anapita kwanza nyumbani kwetu, anavuta kigoda, anaulizia mvua na watoto, na mimi ninajua tangu anapokaa kwamba hajaja kwa ajili ya mvua wala watoto. Amekuja kumwomba Jabiri amchagulie mbwa, ila anaona haya kuanza na mbwa mbele ya mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka msikitini.

Kwetu mbwa si pambo. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi yaliyoanza kubeba, asubuhi unayakuta mabua yamelala chini na unatamani ukae hapo hapo ulie. Ngedere nao wana zamu yao ya mchana. Ndiyo maana sisi Waislamu, tena wa swala tano, tunafuga mbwa. Ila mbwa ana mipaka yake. Analala nje, chombo chake ni chake, na mate yake yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Jabiri analishika hilo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mkia wa mbwa mkavu ukimpitia kwenye kanzu anaruka kama amekanyaga kaa la moto, na mimi Mwanaidi nimemcheka kwa hilo tangu tulipooana.

Watu hudhani kuchagua mbwa ni kumchukua yule mtoto wa mbwa anayekukimbilia kwanza. Jabiri haangalii watoto kwanza. Anafika mapema, mama yao akiwa bado amelala, na anasubiri ainuke. Akiinuka kwa miguu ya mbele huku ya nyuma anaiburuta, Jabiri anashukuru kwa chai na kuaga, hata watoto wawe wanene namna gani, kwa sababu nyonga mbovu mtoto anazaliwa nazo. Akiridhika na mama ndipo anawageukia watoto. Anaangusha mfuniko wa sufuria nyuma yao aone nani hakushtuka. Anatazama macho kama yana utando, kitovu kama kimetokeza, masikio kama yana ukurutu. Tumbo lililovimba chini ya mbavu zilizotoka nje halimtishi hata kidogo.

"Hiyo ni minyoo," husema. "Kuna ugonjwa wa kupewa dawa na kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao. Wa kwanza unauchukua ukautibu nyumbani. Wa pili unamwachia mwenyewe."

Hayo tuliyajua kwa machungu. Binamu yangu wa Chanika aliwahi kutuletea mbwa, mbwa mzuri, kifua kipana, Jabiri akiwa safarini. Nilimpokea kwa furaha kwa sababu nilichoka kusikia habari za nyonga na vitovu. Siku moja mchana nikamkuta kwenye mahindi amelala ubavu, macho yako wazi, miguu yote minne inakimbia na yeye haendi popote. Alikimbia hivyo mpaka povu likamtoka. Kisha akainuka, akanitazama kana kwamba mimi ni mgeni, akarudi kulinda. Kifafa kile kilimrudia mara kwa mara mpaka kikammaliza. Jabiri aliporudi aliuliza swali moja tu, kwamba mama yake alikuwaje, na binamu yangu hakujua.

Ila kuna mahali pamoja ambapo Jabiri, pamoja na ujuzi wake wote, haendi. Hafungui kinywa cha mbwa. Na kinywa kina mambo mengi. Fizi zikiwa nyeupe damu haitoshi, kaakaa likiwa na ufa mtoto hatakua, meno yasipokutana mbwa hatamshika nguruwe. Majirani walikuwa wakimtania kwamba anachagua nusu ya mbwa. Hakujali, kwa sababu nusu ya pili alikuwa na mtu wake.

Mtu huyo ni Yordani Hiza, Msambaa wa Vugiri. Walijuana wakiwa vijana wakikata mkonge Korogwe, wakalala banda moja, na hawajaachana tena. Yordani ni Mkristo, mate ya mbwa kwake ni mate tu. Basi wakawa wanachagua mbwa pamoja, wote wawili. Jabiri anachuchumaa hatua chache kutoka kwa mbwa, anatazama na kuuliza, Yordani anashika kinywa, anakipanua, anatia kidole na kutangaza. "Fizi nyekundu. Kaakaa zima. Ulimi safi." Jabiri anaitikia kwa kichwa kama daktari mkubwa. Mara ya kwanza nilipowaona nilicheka mpaka khanga ikanidondoka.

Mwaka jana mbwa wetu wa mwisho, mbwa mwema asiye na kasoro, alikufa kwa homa ya kupe. Mahindi yalikuwa yameshafika kifuani. Yordani akapiga simu kwamba jirani yake Rosina, mjane, ana mbwa jike aitwaye Shaba, hodari kuliko mbwa wote wa mlimani, na watoto wake sasa wanakula wenyewe. Nikasema safari hii ninakwenda na mimi. Shamba ni langu, nimerithi kwa mama yangu, na nilitaka mbwa ambaye nimemchagua kwa macho yangu.

Tulifika Vugiri alasiri, baridi ikiwa imeshaanza kushuka. "Onga mshi, Wazigua!" Yordani akatusalimia barabarani kwa Kisambaa, kwa kicheko chake kinachosikika mpaka bondeni. Mkewe, Hosiana, ana mkeka anaouweka kwa ajili ya swala za Jabiri na birika la kutawadhia ambalo hakuna mwingine anayeligusa. Tulilala kwao, na asubuhi, kabla ukungu haujapanda, tukaenda wote watatu kwa Rosina, mimi, mume wangu na Yordani.

Kitu cha kwanza ambacho sikukipenda ni ukimya. Njia nzima Yordani alikuwa akitusimulia jinsi Shaba anavyobweka tangu mtu akiwa kwenye kona ya migomba. Tukapita kona ya migomba. Tukafika uani. Hakuna aliyebweka. Rosina alitoka akifuta mikono, akatusalimia, na nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, nikamwona mbwa mwekundu amesimama ametugeuzia mgongo. Alikuwa anatazama ukuta.

"Hajambo huyo?" Jabiri akauliza.

"Ana mfupa umemkwama," Rosina akasema. "Jana niliwapa kichwa cha mbuzi. Tangu jioni hafungi mdomo. Maji anayafuata, anatia mdomo, lakini hayapungui."

Shaba akageuka. Taya lake la chini lilikuwa limelegea, uzi wa mate umening'inia mpaka kwenye kifua, na mdomo ule ulioachama ulimfanya aonekane anatabasamu. Macho yake yalitupitia sote bila kusimama kwa yeyote. Watoto wake walikuwa wamejikusanya upande wa pili wa uwanja chini ya rundo la kuni. Mmoja alimwendea, akamnusa mguu, akarudi kinyumenyume mpaka akagota kwenye kuni. Mama yake hata hakumtazama.

Nilijisikia vibaya, sifichi. Nilitaka kusema twendeni. Lakini mimi ndiye niliyemcheka Jabiri miaka yote kwa kuogopa mbwa, nikaona nitachekwa mimi.

"Yordani, mwanangu wee, hebu mtolee," Rosina akaomba.

Yordani akapiga goti, akakunja mkono wa shati. Mikono yake ni mikono ya mtu anayelima mlimani, imepasuka kwenye vifundo na haiponi mpaka kiangazi kiishe. Akashika taya la juu kwa mkono mmoja, akatia wa pili mpaka ndani. Nilitegemea mbwa atapigana. Shaba hakupigana. Alisimama tu akatulia, akamwachia Yordani koo lake, na mate yakawa yanashuka kwenye mkono wa Yordani mpaka kwenye kiwiko.

"Tafuta vizuri," Jabiri akasema.

"Natafuta. Hakuna kitu. Meno safi, ulimi mzima, koo tupu." Yordani akautoa mkono, akaufuta kwenye majani. "Labda umeshashuka wenyewe. Huyu mbwa ni mpole ajabu."

Kawaida hapo Jabiri angeuliza jambo. Badala yake akasogea kwa watoto, akaangusha mfuniko, akatazama macho na vitovu, akanionyesha dume mmoja mwenye kifua cheusi. Nami nilikuwa nimeshampenda. Yordani akakifungua kinywa cha yule mtoto kwa mkono ule ule, akatangaza fizi nyekundu. Tukamtia kwenye tenga, tukafunika gunia, Rosina akatuombea safari njema.

Tukiwa tumeshaipita migomba ndipo Shaba alipotoa sauti. Ilianza kama kubweka, kisha katikati ikavunjika, ikapanda juu na kwenda mbali, na mwisho wake haukuwa wa mbwa. Ulikuwa wa mtu anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Jabiri alisimama, akageuza kichwa, akasikiliza. Sauti haikurudi. Tukaendelea kushuka.

Stendi ya Korogwe tulikaa kwenye mkahawa kusubiri basi la Handeni. Nikaagiza chai na chapati. Jabiri hakugusa chochote. Alikuwa anatazama kikombe changu, na kila nilipomeza aliniangalia shingoni, mpaka nikakasirika.

"Baba Ikram, una nini wewe?"

"Mfupa uko wapi?" akauliza.

"Mfupa gani?"

"Yordani ametafuta mpaka kooni hakuona mfupa. Sasa kama hakuna mfupa, kwa nini yule mbwa hafungi mdomo?"

Ndipo akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Alipokuwa mdogo, mfugaji mmoja wa Kimasai alikuwa na boma karibu na mashamba ya baba yake. Mbwa wa mfugaji yule alilegea taya, naye akamtia mkono kutafuta mfupa. Hakuuona. Mbwa akafa, watu wakasahau, mahindi yakavunwa. Baadaye mfugaji akaugua. Jabiri alitumwa na baba yake kumpelekea maji, kata iliyojaa, na yule bwana, mtu mzima aliyewahi kukabiliana na fisi kwa fimbo, alipoiona kata alipiga ukelele na kujibana ukutani. Alikuwa na kiu, midomo imepasuka, na aliyaogopa maji. "Alikuwa ananisihi niyaondoe," Jabiri akasema. "Na alikuwa ananisihi nisiondoke nayo."

Kichaa cha mbwa tulikijua kwa sura nyingine, mbwa anayekimbia huku na huko akiuma kila kilicho mbele yake. Huyu wa kimya, anayesimama akakuachia kinywa, Jabiri alikuwa amemwona mara moja tu, utotoni, na akili yake ilikuwa imemficha.

Akampigia Yordani simu. Nilikuwa nasikia kicheko mpaka ng'ambo ya meza. "Hakuniuma! Hata kunikwaruza hakunikwaruza. Mbwa mpole vile?"

"Ndiyo huo upole ninaouogopa. Una vidonda mkononi?"

"Nani mlimani hana vidonda mkononi? Panda basi lako, Mzigua, ukalinde mahindi." Simu ikakatika, na tulipopiga tena haikupatikana.

Tuliacha basi liondoke. Tukachukua pikipiki mbili kurudi juu, mimi na tenga kwenye moja, Jabiri kwenye nyingine mbele. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, mweupe na mzito, na miti ilikuwa inatokea mmoja mmoja. Kwenye daraja la chini ya Vugiri, dereva wa Jabiri alisimama ghafla. Wa kwangu naye akasimama.

Shaba alikuwa ndani ya kijito. Maji yalimfika tumboni. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka taya lake limezama, mdomo wazi, maji yanaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, na hanywi. Alikuwa anayatazama tu yakipita. Mtoto wake kwenye tenga alianza kulia, kisha akanyamaza ghafla, nikamhisi anatetemeka chini ya gunia. Mama yake aliinua kichwa. Hakumtafuta mtoto. Alitazama pale tulipokuwa, mate na maji yakimchuruzika, na nikawa na hakika kwamba hakutuona sisi, kwamba anatazama kitu kingine kilichosimama mahali petu. Nilisoma kila dua niliyoijua. Madereva wakawasha pikipiki na kupita bila kuambiwa.

Yordani alikuwa ameketi sebuleni, amemaliza kula. Kwa mkono ule. Jabiri alivua viatu mlangoni kwa adabu yake ile ile, lakini sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

"Shemeji Hosiana, niletee sabuni na maji ya kumimina. Na udongo safi."

"Wa nini tena, shemeji?"

"Wa kumwosha mumeo."

Yordani akacheka. "Leo mnanisilimisha?"

Jabiri alimtoa nje kwa kumshika bega, akamkalisha kwenye jiwe, akaushika mkono wake. Huyu ni mume wangu, anayeruka akiguswa na mkia mkavu. Aliushika kwa mikono yake miwili mkono ambao asubuhi ulikuwa umelowa mate ya mbwa mpaka kiwikoni, akausugua kwa sabuni, kila kifundo, kila ufa, chini ya kila ukucha, mimi nikimimina. Vidonda vikafunguka vikatoa damu. Akasugua. Udongo ulipofika akausugua kwa udongo. Akarudia, akarudia tena, na alipofika mara saba hakuacha, akaanza upya kwa sabuni. Yordani alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa anamtazama Jabiri usoni, na Jabiri alikuwa analia.

"Ni mimi niliyekuweka kwenye vinywa vyao," Jabiri akasema. "Miaka yote hii ni mimi."

"Acha maneno hayo."

"Twende hospitali. Ukikataa nitakubeba."

Yordani hakukataa. Tulimwacha yule mtoto wa mbwa amefungiwa kwenye banda tupu la kuku, tukampitia Rosina ambaye alimlisha Shaba kwa mkono wake, tukashuka. Hospitalini muuguzi alisikiliza yote bila kutukemea. Aliutazama mkono wa Yordani akasema kuosha kule kumesaidia sana, lakini kuosha peke yake hakutoshi, akawachoma sindano yeye na Rosina na kuwapa tarehe za kurudi. Kisha akatuuliza sisi tuliobaki.

"Kuna mwingine aliyemgusa mbwa au mate yake?"

"Mimi sikumgusa mbwa," Jabiri akasema. Ilikuwa kweli. Hakumgusa, hajawahi kumgusa mbwa kwenye kinywa maisha yake yote. Nami nilitikisa kichwa, maana mimi hata mtoto nilimbeba ndani ya tenga.

Bwana mifugo alimkuta Shaba amekufa chini ya daraja. Watoto wake wote, pamoja na yule wetu mwenye kifua cheusi, ilibidi waondolewe, kwa sababu walinyonya na kulambwa na hakuna aliyeweza kusema yupi amepona. Jabiri alimpokea bwana mifugo, akamfungulia banda, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hatukuleta mbwa Kwaluguru. Nguruwe walikula mahindi yangu waliyoyataka na kunibakizia waliyoyachoka.

Kilichofuata ni kusubiri, na sijui kama kuna kazi mbaya kuliko hiyo. Ugonjwa ule hauna haraka. Unaweza kukaa ndani ya mtu wiki nyingi, miezi, huku yeye analima, anacheka, anakwenda kanisani. Yordani alimaliza sindano zake zote, muuguzi akamwambia atoe hofu. Yeye akaitoa. Jabiri hakuitoa. Kila alipopata kisingizio alipanda Vugiri, mara mbegu za maharage, mara kumjulia hali mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa. Akifika anaomba maji, Hosiana akimletea anampa Yordani anywe kwanza. Yordani anakunywa huku amekunja uso. Jabiri anarudi nyumbani, anakula vizuri siku mbili tatu, kisha macho yanamtoka tena.

"Utamnywesha mwenzio mpaka apasuke," nilimwambia.

"Bora apasuke kwa maji."

Mpaka mwezi uliopita, Yordani mwenyewe akashuka Kwaluguru. Alisema msimu mwingine umekaribia na yeye amechoka kunyweshwa kama ng'ombe, kwa hiyo amekuja tukatafute mbwa. Alikuwa amesikia habari za jike mmoja huku huku Handeni, aliyechanjwa, mwenye cheti. Tulifurahi. Nikachinja kuku. Wakakaa barazani wakipanga kama zamani, mama aonekane akiinuka, mfuniko uangushwe, na safari hii Yordani atavaa mifuko ya plastiki mikononi.

Katikati ya maongezi Yordani akauliza, kawaida tu, akinyoosha mkono kuchukua kipande cha kuku, "Wewe sindano zako ulimalizia wapi? Handeni au Korogwe?"

"Sindano zipi?" Jabiri akasema.

"Za kichaa."

"Mimi sikumgusa mbwa."

Yordani akairudisha nyama kwenye sahani. Mimi nikasimama na jagi mkononi.

"Jabiri," akasema polepole, "ulinishika mimi."

"Nilikuwa nakuosha. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji yale yale. Sabuni ile ile, udongo ule ule. Kama wewe ulitakasika, mimi nilitakasika mara ngapi?"

"Nionyeshe kiganja."

Jabiri hakutaka. Yordani akamshika mkono kwa nguvu akaugeuza. Kwenye ukingo wa kiganja, chini ya kidole gumba, palikuwa na kovu refu lililofunga vizuri. Nililijua kovu lile. Lilikuwa jeraha la panga alilopata wakati anafyeka mpaka wa shamba, siku chache kabla hatujapanda Vugiri, na nilikuwa nimemfunga kitambaa mimi mwenyewe. Kitambaa hicho alikifungua kwa Hosiana ili asisugue kidonda cha rafiki yake kwa kitu kichafu, nami niliyekuwa namimina maji sikukumbuka.

Nilitaka kumpiga. Mtu mwenye akili za kujua nyonga ya mbwa kwa kumtazama akiinuka, anahesabu sheria ya najisi kuwa sindano, tena kwa nafsi yake tu, kwa mwenzake hakuitegemea hata nusu saa. Nilimpenda na kumchukia pale barazani kwa mkupuo mmoja, na sijui ni kipi kilinitoa machozi.

Siku hiyo hiyo Yordani alimpeleka hospitali, nami nikafuatana nao. Muuguzi aliuliza maswali mengi, akakubali kuanza kumchoma ingawa muda umepita. Alisema maji na sabuni vilikuwa vingi, huenda hakikuingia kitu. Nikamuuliza kama anaweza kumpima tukajua. Akasema hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtu ambaye bado hajaugua. Tusubiri tu, na arudi kwenye tarehe zake.

Anarudi kwenye tarehe zake. Anakula, anaswali, jana amerekebisha uzio wa upande wa korongo. Mbwa bado hatujamchukua, na majirani wanaokuja kuomba wachaguliwe ninawaambia mwalimu anapumzika. Usingizi wangu umekuwa mwepesi, akigeuka ninaamka, akikohoa ninakaa. Akitoa sauti ndotoni ninasubiri kusikia inaishia wapi.

Asubuhi, kabla ya chai, ninachota maji kwenye mtungi nikiijaza kata mpaka juu, ninakaa mbele yake na kumpa. Anajua ninatazama nini. Anainua kidevu kidogo ili nimwone vizuri kooni, anakunywa taratibu mpaka yanaisha, halafu ananirudishia kata na kuniuliza kama nimelala.